Hewa ya Upande Usio na Mtu

Garissa, Jumanne, Februari 1967

Kaskazi tangu alfajiri, mkavu, na vumbi laini linaloingia mpaka kwenye meno. Mbinguni hakuna hata kipande cha wingu. Ndani ya kipima mvua changu anaishi buibui mmoja aliyetanda utando wake akanenepa, na leo tena sikumtoa, maana tangu Krismasi hakuna tone lililomsumbua. Hayo ndiyo niliyoandika kwenye karatasi ya serikali asubuhi, ukimwacha buibui.

Yaliyobaki nayaandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuyatua.

Naogopa. Bora nianze na hilo.

Mimi ni mtu wa kupima hali ya hewa. Kwetu ni Taita, juu kabisa milimani, ambako ukungu huingia jikoni bila kupiga hodi. Nililetwa Garissa nipime joto, upepo na mvua, na katika hizo tatu mvua ndiyo kazi nyepesi. Lakini tangu mwaka jana nina kazi ya nne, nayo ni kazi ya chupa.

Alikuja Mzungu mmoja kwa ndege ndogo, mwembamba, ncha za vidole vyake viwili zimekufa kwa baridi. Alikuwa ametoka kukaa mwaka mzima kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, huko ambako jua likizama halionekani tena kwa miezi. Alituachia sanduku la mbao lenye nafasi mbili zilizotandikwa sufi, pamoja na chupa za kioo, mviringo kama maboga, kila moja na koki yake. Hewa yote imenyonywa kutoka ndani yake. Kazi yangu ni kuipeleka chupa pahali pasipo moto, pasipo mnyama, pasipo mtu, nisimame nikiuelekea upepo, nivute pumzi niibane, kisha nifungue koki. Chupa inavuta yenyewe. Mlio ukiisha nafunga, naondoka, na huko mbele ndipo napumua. Pumzi yangu ikiingia kidogo tu, chupa nzima imeharibika.

Alinieleza sababu kwa Kiswahili cha kuokoteza, na nilimwelewa. Moshi wa viwanda vya kwao hauishii kwao, kwa kuwa upepo haukaguliwi pasi mpakani. Unazunguka mpaka kwenye barafu, na hewa iliyojaa moshi hushika joto kama blanketi. Anataka kujua kama hewa ya huku kwetu, katikati ya dunia, inabadilika sawasawa na ile ya barafuni. Ikiwa ndivyo, alisema, iko siku barafu itaanza kwenda, bahari itapanda, na mvua zitapotea njia. Huchukuliwa chupa mbili kila mara, ili moja iwe shahidi wa mwenzake.

Gedi, mlinzi wa kituo chetu, mwenyeji wa hapa aliyezaliwa nyuma ya ngamia, aliyasikiliza yote kisha akauliza swali moja, kwa ulimi wake unaogeuza p kuwa b na v kuwa f.

"Barafu yao ikiyeyuka, sisi tunabata mfua?"

Mzungu alicheka. Gedi hakucheka.

Neno jingine la yule Mzungu sikulitilia maanani siku ile. Alisema kule barafuni kimya huzidi mpaka masikio yanaanza kutunga. Mtu anasimama peke yake na chupa yake, anasikia jina lake likiitwa. Wakongwe wa kule wanawafundisha wageni wasigeuke. Nilitabasamu, kwa sababu bibi yangu naye alinifundisha vilevile utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nikajisemea, kumbe barafu na Taita ni jirani.

Sasa habari za vita. Nani anataka kujitenga na nani hataki, si mimi wa kuamua. Ninachojua ni kwamba mwaka jana wafugaji wote wa upande wa kaskazini waliamriwa waingie katika kijiji kimoja karibu na mto, kilichozungushiwa miiba na waya. Anayeonekana nje anahesabiwa shifta, yaani mwasi mwenye bunduki. Ngamia wengi walipigwa risasi visimani. Nje kukabaki kweupe.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu watu waondolewe, kazi ya chupa imekuwa rahisi. Zamani nilikuwa natembea mpaka miguu inauma kuukwepa moshi wa majiko na harufu ya mbuzi. Siku hizi navuka kizuizi cha jeshi tu, na hapo hapo pameshakuwa pahali pasipo moto, pasipo mnyama, pasipo mtu. Ncha ya Kusini nimeletewa mlangoni, na mwanzoni nilifurahi. Sasa nikiikumbuka furaha ile naona haya.

Mama yake Gedi hakuingia kijijini. Siku ya kuhamishwa alisema anamfuata ngamia mmoja aliyekuwa na maziwa, akaenda, hakurudi. Gedi hamtaji. Ila kila nikirudi na chupa hunipokea sanduku, hunitazama viatu kwanza, ndipo anitazame uso, na huniuliza, "Umeona nini?" Nami humjibu kwamba sikuona kitu.

Leo asubuhi gari lenye kipaza sauti lilizunguka kijijini. Aliye nje aingie leo kabla ya jua kuzama, mikono juu, hatadhuriwa. Kesho alfajiri jeshi linaingia upande wa kaskazini kwa msako, na huko hakuna atakayeulizwa jina. Tangazo lilirudiwa na kurudiwa, kwa watu ambao tayari wako ndani. Walio nje wangelisikiaje?

Nilitoka na chupa ya kwanza jua likiwa bado changa. Pale kizuizini yuko Sajini mmoja wa bara, mcheshi, aliyenibatiza jina la mwizi wa hewa. "Utuachie kidogo na sisi tupumue," aliniambia, lakini mzaha wake siku hizi hauna kicheko. Mwezi uliopita lori la wenzake lilikanyaga bomu barabarani. Tangu hapo macho yake hayatui.

Nilitembea kuelekea kaskazini mashariki mpaka kwenye boma moja tupu. Mikeka na ngozi zilishachukuliwa, na fito zilizopindwa za nyumba zimebaki zimesimama, kama mbavu za mbuzi aliyekwisha kuliwa. Mafiga yapo. Majivu yake yalishapeperushwa zamani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na leo nimeuelewa huo mshindo, maana nilikuwa naisikia damu yangu mwenyewe ikipita masikioni.

Nikavuta pumzi. Nikaibana. Nikafungua koki, na chupa ikaanza kuvuta kwa ule mlio wake mwembamba. Kila mara mlio huo hunitia baridi. Mimi nimeacha kupumua, na kioo ndicho kinachopumua.

Ndipo nikasikia:

"Assalaamu alaykum."

Haikuwa kelele. Ilikuja na upepo, kutoka mbele yangu, karibu kabisa. Sauti kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kusema na mtu. Sikuweza kutambua kama ni ya mwanamume au ya mwanamke. Mbele yangu palikuwa na fito, mafiga, na vichaka visivyoweza kumficha hata kuku.

Sikujibu.

Mkono wangu uliendelea na kazi yake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ulisubiri mlio uishe, ukafunga koki. Niligeuka nikaondoka kama nilivyofundishwa, na huko mbele nilipopumua, kitu cha kwanza nilichovuta kilikuwa harufu ya moshi. Moshi mtamu, kama wa jikoni kwa bibi alipokuwa akifukiza vibuyu vya maziwa. Nilitembea haraka, lakini sikukimbia, kwa sababu hapa anayekimbia hupigwa risasi kwanza.

"Kuna mtu huko?" Sajini aliniuliza.

"Sijaona mtu."

Ni kweli, sikuona. Lakini nilijua naficha kitu, na kama aliyeko kule ana bunduki, damu ya vijana wa Sajini ingekuwa juu yangu. Kama hana bunduki, basi neno langu moja lingewapeleka vijana wale kwake hata kabla ya kesho. Nilifika kituoni nikaandika kwenye karatasi ya chupa kama kawaida. Moto, hakuna. Mnyama, hakuna. Mtu, hakuna.

Gedi akanitazama viatu. Kisha uso. Leo nikashindwa kumpa lile jibu la kila siku, nikamweleza yote.

"Moshi gani?" aliuliza.

"Mtamu. Kama wa kufukiza chombo cha maziwa."

Akaweka sanduku chini polepole. Wanawake wa huku husafisha vyombo vya maziwa kwa kijiti kinachofuka moshi, na maziwa yakitiwa humo hukaa siku nyingi bila kuharibika. Hakuna aliye kule mwenye ngamia wa kukamua, ila yule aliyemfuata ngamia wa maziwa.

"Hooyo," alisema. Ni neno lao la mama. Halafu akaniuliza, "Na salamu umerudisha?"

"Nilikuwa nimebana pumzi."

Sijawahi kutazamwa vile. "Bwana Mwakio! Salamu ya Mungu unaacha chini? Wakati ya fita, mtu hapana rudisha salamu ni mtu anataka kuua. Yeye sasa najificha mbali. Anafikiri wewe adui. Ama anafikiri wewe jini."

Nilijitetea kwamba kazi ni kazi. Nikajisikia mjinga hata kabla sijamaliza kusema. Bibi yangu alinikataza kuitika, Mzungu alinikataza kupumua, na katikati yao nikamwacha mtu akisubiri jibu.

Gedi mwenyewe hawezi kutoka. Akivuka kizuizi atahesabiwa shifta, na pasi niliyo nayo ni ya mtu mmoja kwa kazi moja, kuchukua hewa. Bahati nzuri chupa ni mbili. Alinifundisha maneno ya kwenda nayo: *Hooyo, Gedi ayaa i soo diray. Kaalay.* Mama, Gedi ndiye amenituma. Njoo. Nilirudia na kurudia, naye akinisahihisha kwa hasira, mpaka akasema ulimi wangu ni wa bunda lakini hooyo ataelewa.

"Leo hapana beleka chuba tu," alisema. "Beleka jibu."

Baada ya adhuhuri nilivuka tena. Nafasi moja ya sanduku ilikuwa na chupa ya pili, nyingine ilikuwa na chupa ya maji ya kunywa niliyoifunika kwa sufi. Sajini alikuwa juu ya magunia ya mchanga na darubini yake, ananitazama. Ilinibidi anione nikifanya kazi ya pasi yangu. Kwa hiyo nilisimama pale pale bomani, nikainua chupa, nikavuta pumzi, nikaibana, nikafungua koki.

Halafu nikaiachia pumzi yote.

"Waalaykum salaam!" Sauti yangu ilinitisha mwenyewe. "Hooyo! Gedi ayaa i soo diray! Kaalay!"

Chupa iliinywa sauti yangu yote na bado ikawa inavuta. Hakuna aliyejibu. Niliita tena, na tena, mpaka koo likakauka. Kisha nilifunga koki, nikaweka chupa ya maji kando ya mafiga, nikashika njia kurudi. Nilikuwa nimekata tamaa na nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Kaskazi ulikuwa mgongoni kwangu, na upepo wa mgongoni huleta sauti. Nikikanyaga, nilisikia mkanyago mwingine. Nikisimama, ulisimama. Nilijua masikio hutunga. Nilijua Mzungu alisema nini na bibi alisema nini. Sikugeuka, lakini safari hii si kwa sababu yao. Niliogopa nikigeuka nisione kitu.

Nilifika kizuizini. Sajini alishusha darubini.

"Na huyo nyuma yako ni nani?"

Niligeuka.

Bibi kizee. Mdogo, mkavu, shuka lake limekuwa rangi ya vumbi. Mikono yake ilikuwa juu, na katika mkono mmoja alishika chombo cha maziwa cha kusuka, katika mwingine chupa yangu ya maji, tupu. Askari mmoja alishainua bunduki. Nilisimama mbele ya yule bibi kizee bila kufikiri, na sidai ni ushujaa, maana ningefikiri nisingesimama.

"Ni chombo cha maziwa," nilisema. "Ni mama yake mlinzi wetu. Jua bado halijazama, Sajini."

Sajini alikichukua kile chombo, akakitazama ndani, akalitazama jua kama mtu anayeangalia saa asiyoiamini.

"Mwizi wa hewa," alisema, "leo umeiba mtu." Akamwashiria apite.

Gedi alikuwa upande wa ndani wa waya. Hakukimbia. Alisimama ametulia tuli, mikono ikionekana, mpaka mama yake akamfikia, akamshika kidevu na kumgeuza uso huku na huku kama anayemkagua mbuzi wa kununua. Ndipo Gedi akalia. Nami nililia, na sioni aibu kuliandika.

Ingefaa niishie hapo. Ningeishia hapo ningelala usingizi mzuri.

Tulikaa barazani kwenye kituo, chai ya mkandaa isiyo na maziwa, jua limebaki kidogo. Mama hakuongea mengi. Nilimwomba Gedi amwambie kwamba naomba radhi kwa salamu ya asubuhi, kwamba sikuiacha kwa ubaya, ni kazi iliyonifunga mdomo. Gedi akamtafsiria. Mama akasema maneno machache, na nikamwona Gedi akimwuliza tena, na tena.

"Anasema asubuhi yeye hakuwa huko," Gedi aliniambia. "Alikuwa kisima ya mbali, nachimba maji. Boma amefika adhuhuri imebita. Wewe amekuona mara moja tu, hiyo ya kuita."

"Na moshi?"

Gedi alikiinua kile chombo, akakinusa ndani, akanipa mimi. Kilinuka vumbi. Kiberiti chake kiliisha zamani, alisema mama. Moto hajawasha tangu ngamia wake akauke, na tangu mvua ya mwisho hajakutana na mtu.

Chai yangu ilipoa. Kisha mama akasema tena, akinitazama mimi badala ya mwanawe, na Gedi akatafsiri huku akiangalia chini.

"Anasema basi kuna mwingine. Anasema, enda jibu."

Sasa jua limekwisha zama na kafyu imeanza. Naandika haraka kabla giza halijafunga. Gedi na mama yake wameingia kijijini. Chupa mbili ziko mbele yangu rafuni. Kwenye karatasi ya ile ya pili nimeshaandika ukweli, kwamba si safi, nilisema nikiwa nimeifungua. Yule Mzungu ataitupa, na atakuwa na haki.

Ni ile ya asubuhi inayonisumbua. Ile ni safi kabisa. Hewa iliyoileta ile salamu ndiyo hiyo hiyo iliyoingia humo koki ikiwa wazi, na ndiyo nimeifungia. Itapelekwa kwa ndege, itawekwa kando ya hewa ya barafuni, mashine itahesabu moshi uliomo wa dunia nzima. Kama ni masikio yangu yaliyotunga, basi mna hewa tu. Najiambia hivyo. Lakini pua nayo hutunga? Na mbona yule bibi, aliyekaa kule miezi yote hiyo peke yake, hakusema ni jini wala ni upepo? Alisema kuna mwingine, kama anayesema kuna mtu mlangoni.

Kwenye karatasi yake nimekwangua kwa wembe lile neno "hakuna" la mwisho. Sasa karatasi inasomeka: Mtu, yuko.

Kesho alfajiri magari yanaondoka. Nina chupa moja ya akiba, na kwa kuwa ile ya pili nimeiharibu, kazi ya pasi yangu haijaisha. Nitakuwa kizuizini kabla yao. Sajini anaweza kunikatalia. Anaweza pia kunitania na kuniachia njia, kwa sababu leo ameona kitu ambacho hakukitarajia na mimi nilimwona akimeza mate.

Nimeweka kiberiti mfukoni, na maji sandukuni. Nitasimama pale pale penye mafiga, nitafungua koki ili wanione kazini.

Pumzi sitaibana.